Kabla Hujanunua Drili ya Betri: Anza na Ukuta, Dukani Baadaye

Malalamiko ninayoletewa kuhusu drili za betri yanafanana kama mapacha. Mtu amenunua mashine mpya, imeandikwa namba kubwa ubavuni, amepanda kwenye stuli afunge fimbo ya pazia, amebonyeza. Biti inazunguka, inapiga kelele, ukuta unatoa unga kidogo, halafu basi. Baada ya dakika tatu biti imebadilika rangi kuwa ya bluu, betri imechemka, na tundu lina kina cha ukucha. Anahitimisha kwamba ameuziwa feki.

Mara nyingi si feki. Fimbo ya pazia hukaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo mjenzi alipomwaga linta, yaani zege lenye nondo ndani. Kazi ambayo wengi hununulia drili ndiyo hiyo, tena ni ngumu kuliko karibu zote zilizomo ndani ya nyumba, na mashine waliyobeba imetengenezewa mbao. Nami nimelipia ada ya somo hili: drili yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa makabati, na iliunguza biti mbili kwenye dirisha moja kabla sijakubali kwamba tatizo halikuwa biti.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ya 2 na ya 4 ndizo zinazorukwa zaidi.

## Vya kuandaa kwanza

- Karatasi na kalamu.
- Nyundo na msumari wa zege, ule mfupi mgumu usiopinda kirahisi.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sentimita 6 hivi, pamoja na skrubu tano za mbao za mm 5 kwa mm 60. Hivi utaenda navyo dukani.
- Biti ya mm 3 ya kutobolea mbao, na nyingine ndefu ya chuma ya mm 6 iliyonyooka kabisa.
- Miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi.

Muuzaji akikushangaa ukitoa kipande cha mbao kwenye mfuko, mwache ashangae.

## Hatua ya 1: Andika kazi ulizo nazo kweli

Chukua karatasi, zunguka nyumba chumba kwa chumba, uandike kila kitu kinachosubiri drili: rafu, fimbo za pazia, bawaba iliyolegea, kabati la kuunganisha, bomba la kukaza ukutani. Andika zile ambazo ungezifanya mwezi huu kama mashine ingekuwepo. Usiandike meza ya kulia chakula utakayojitengenezea siku moja. Sote tuna meza hiyo, na ndiyo inayotufanya tununue mashine ya kilo mbili kwa ajili ya bawaba nne.

Mbele ya kila kazi weka alama: je, ni kutoboa au ni kukaza skrubu? Orodha nyingi za nyumbani hutoka na kukaza kwingi na kutoboa kuchache. Ikiwa yako iko hivyo, uzito mdogo wa mashine na klachi nzuri (kifaa kinachokata nguvu skrubu ikishakaza vya kutosha) vitakufaa kuliko nguvu nyingi.

## Hatua ya 2: Utambue ukuta wako

Hapa usikadirie kwa macho. Plasta na rangi huficha kila kitu; ukuta wa tofali na nguzo ya zege huonekana sawa kabisa kwa nje.

Anza kwa kugonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ya ngoma, yenye mwangwi, ni ubao wa jipsamu au mbao nyembamba yenye uwazi nyuma. Sauti iliyokufa ni kitu kigumu, lakini bado hujui ni kipi. Sasa tafuta mahali patakapofichwa na rafu au pazia lenyewe, uvae miwani, upige msumari wa zege mara nne au tano. Ukizama taratibu, hilo ni tofali. Ukiruka, ukitoa cheche au ukipinda, umekutana na zege.

Kisha tazama unga uliotoka chini ya plasta. Mwekundu au wa rangi ya chungwa ni tofali la kuchoma. Wa kijivu wenye chenga za mchanga ni tofali la saruji. Wa kijivu uliosagika laini, tena mchache kwa jasho lote ulilotoa, ni zege. Mweupe kama unga wa ngano ni jipsamu au lipu ya chokaa.

Jaribu sehemu tatu: katikati ya ukuta, juu ya dirisha, na kwenye kona. Mara nyingi zitakuwa vitu tofauti, kwa sababu kona zinaweza kuwa na nguzo na juu ya madirisha kuna linta.

Tahadhari: usipige msumari wala kutoboa kwenye mstari ulionyooka juu, chini au pembeni mwa swichi na soketi. Nyaya ndani ya ukuta hupitishwa kwenye mistari hiyo. Vivyo hivyo juu ya bomba na sinki.

Umefanikiwa ikiwa kila kazi kwenye karatasi sasa ina jina la kitu kitakachotobolewa: mbao, jipsamu, tofali, zege, chuma au vigae.

## Hatua ya 3: Chagua aina ya mashine

Kuna mashine nne zinazofanana kwa umbo la bastola, na wauzaji huziita zote drili.

Drili-bisibisi. Inazungusha tu. Inatoboa mbao, jipsamu, plastiki na chuma chembamba, na inakaza skrubu. Pete yake ya mbele ina namba za klachi na picha ya biti. Haina picha ya nyundo. Kwenye tofali laini itajikongoja. Kwenye zege haitafika popote.

Drili ya kugonga. Ni ile ya kwanza iliyoongezewa picha ya nyundo. Ndani yake kuna diski mbili zenye meno zinazopanda na kushukiana, hivyo biti inatikiswa mbele na nyuma huku ikizunguka. Hufaa tofali la kuchoma, tofali la saruji, na matundu machache ya mm 6 hadi 8 kwenye zege. Kwa nyumba nyingi zenye kuta za tofali, hii ndiyo mashine. Ukiwa na haraka unaweza kuishia hapa.

Hapa kuna jambo moja ambalo maelezo kwenye boksi hayalifafanui. Idadi ya mapigo hutokana na mizunguko ikizidishwa kwa meno ya diski. Mashine yenye mizunguko 1,700 kwa dakika na meno 15 hupiga mara 25,500 kwa dakika. Mashine hiyo hiyo ukiiweka gia ya kwanza, yenye mizunguko kama 450, inapiga mara 6,750 tu. Watu kadhaa walionilalamikia kwamba drili yao ya kugonga haigongi walikuwa wameiacha gia ya 1 tangu walipokaza skrubu za kabati. Swichi ndogo ya juu ilisukumwa mbele, na malalamiko yakaisha.

Impakti. Ni fupi, nene, na mdomo wake hupokea biti zenye shina la pembe sita la mm 6.35. Hii ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu nayo inagonga, na kelele yake inatisha. Lakini kugonga kwake ni kwa kuzunguka, kama mtu anayepiga mpini wa spana kwa nyundo ili nati ilegee. Haisukumi biti mbele hata kidogo, kwa hiyo ukutani haina msaada. Kwa skrubu ndefu na boliti haina mpinzani, ila haina klachi ya kawaida. Kwenye kabati la mbao laini itaizamisha skrubu hadi itokee upande wa pili kabla hujaachia kidole.

Mashine ya SDS. Ndani yake mna pistoni inayosukumwa kwa hewa iliyobanwa na kuipiga biti kutoka nyuma. Nguvu ya pigo haitegemei unavyokandamiza, ndiyo maana mtu mwembamba juu ya ngazi anatoboa linta bila kutoa jasho. Biti zake zina mashina yenye mifereji, na huingizwa kwa kubofya bila kukazwa. Ni nzito, na kwa skrubu ndogo haifai.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii. Orodha ikiwa ya mbao na jipsamu pekee, nunua drili-bisibisi, uzito mdogo utakufurahisha kila siku. Ikiwa na tofali, nunua ya kugonga. Zege likizidi matundu kumi hivi, azima au kodi mashine ya SDS kwa siku moja, uyamalize yote, urudishe. Kununua drili kubwa zaidi ya aina ile ile kwa ajili ya zege ni kutafuta suluhisho kwenye rafu isiyo yake.

## Hatua ya 4: Soma volti na betri bila kudanganywa

Betri za kisasa za drili zimejengwa kwa seli za lithiamu, na kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.6. Seli tatu zikiunganishwa kwa mfululizo ni volti 10.8, ambazo hupigwa chapa ya 12. Seli tano ni volti 18. Seli ikitoka kwenye chaja hufika karibu volti 4 na ushee, ndiyo sababu betri ya seli tano huandikwa 20 na baadhi ya kampuni huko Marekani, 18 kwingineko, na 21 kwenye baadhi ya mashine za bei ya chini. Ni kitu kimoja. Usilipe zaidi kwa ajili ya 21 dhidi ya 18.

Halafu kuna zile zenye namba za ajabu: 48, 88, hata 128, mara nyingi na herufi mbili zimebandikwa nyuma yake. Fanya hesabu. Volti 48 za kweli zinahitaji seli 13. Seli ya kawaida ya aina ya 18650 ina kipenyo cha mm 18, urefu wa mm 65 na uzito wa gramu 45 hivi. Seli 13 peke yake zina karibu gramu 600, kabla ya ganda na saketi. Niliwahi kuletewa betri ya namna hiyo, imeandikwa 48 kwa maandishi ya dhahabu. Nilipoiweka kwenye mizani ilisoma gramu 290. Hizo ni seli tano, na ganda jepesi.

Mizani hiyo hiyo ndiyo itakayokusaidia kwenye namba ya pili, yaani ampea-saa, inayofupishwa Ah. Huo ndio ukubwa wa tangi. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa: betri ya volti 18 na Ah 2 ina wati-saa 36, ya Ah 4 ina 72. Tangi kubwa lina seli nyingi au seli nene, na zote zina uzito. Betri ya volti 18 inayodai Ah 4 au zaidi lakini haifiki gramu 400, niwekee mbali.

Sasa uchague:

Volti 12 zinatosha kwa kabati, bawaba, rafu za mbao na tundu la hapa na pale kwenye tofali. Mashine ni ndogo, inaingia ndani ya droo na kwenye kona ambazo kubwa hazifiki. Watu huidharau kwa sababu ya namba. Mimi huishika mara nyingi kuliko ile kubwa.

Volti 18 ni kwa mwenye kuta za tofali, matundu ya mm 10 na kuendelea kwenye mbao, au nia ya kuongeza mashine nyingine baadaye.

Kuhusu Ah, betri mbili za Ah 2 hufaa nyumbani kuliko moja ya Ah 4. Moja ikiwa kwenye chaja, nyingine iko kazini, na mkono hauchoki. Juu ya ngazi, gramu 300 zinazoongezeka mwishoni mwa mpini unazihisi kwenye bega.

Tahadhari: ukinunua mashine iliyotoka nchi nyingine, igeuze chaja usome maandishi ya chini. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, Japani 100. Chaja ya huko isiyoandikwa 100–240, ikichomekwa kwenye soketi ya volti 230, itaungua hapo hapo. Na kama utasafiri nayo kwa ndege, betri za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaokwenda chini, na kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100 kwa betri. Ya volti 18 na Ah 5 ni 90, inapita.

## Hatua ya 5: Nguvu ya kukaza, gia na mdomo

Nguvu ya kukaza huandikwa kwa Nm, yaani nyutoni-mita. Watengenezaji waaminifu hutoa namba mbili, kwa mfano 28/54. Ndogo ni nguvu inayopatikana polepole, kama skrubu inavyozama kwenye mbao. Kubwa ni ile ya ghafla, pale kitu kigumu kinapogota. Boksi lenye namba moja tu karibu kila mara limekupa kubwa, basi linganisha kubwa kwa kubwa. Kwa nyumbani, namba ndogo ya 20 hadi 30 inatosha.

Nguvu ikizidi ina hasara yake. Biti pana ikikwama kwenye fundo la mbao, mashine haikwami; kinachozunguka ni kiwiko chako. Mashine yenye zaidi ya 60 Nm ije na mpini wa pembeni, nawe uutumie.

Gia ziwe mbili. Ya kwanza, mizunguko 400 hadi 500, ni ya skrubu na matundu mapana. Ya pili, 1,500 na zaidi, ni ya matundu membamba na ya kugonga.

Mdomo, ile sehemu inayouma biti, huja wa mm 10 au wa mm 13. Kwa volti 12, mm 10 unatosha. Kwa 18, chukua 13. Ukiwa wa chuma ni bora kuliko wa plastiki.

## Hatua ya 6: Mota ya kaboni au isiyo na kaboni

Kaboni ni vipande vidogo vinavyosugua sehemu ya mota inayozunguka ili kuipelekea umeme, navyo hulika. Mota isiyo navyo, ambayo mafundi huiita brashlesi, hula betri kidogo, haipati joto upesi na haina kaboni za kubadilisha. Ni bora, na ni ghali zaidi. Kwa mtu wa matundu ishirini kwa mwaka, mota ya kaboni ya mtengenezaji mzuri itadumu miaka. Ikiwa fedha inabidi ichague kati ya brashlesi na betri ya pili, chukua betri ya pili.

## Hatua ya 7: Unanunua betri, drili ni mgeni wake

Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja zile za 12 haziingii kwenye za 18. Siku utakapotaka msumeno, taa au mashine ya kupiga msasa, utarudi kwenye familia uliyoichagua leo, kwa sababu mwili mtupu bila betri na chaja huwa nafuu sana.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. Je, betri hii huuzwa peke yake, hapo ulipo, bila kununua mashine nzima? Na familia hii ina mashine gani nyingine? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, hiyo drili itakufa siku betri yake itakapokufa, hata mota ikiwa mpya kama yai.

Betri za kuiga zinazoingia kwenye mashine za majina makubwa zinavutia kwa bei. Mimi sizichaji ndani ya nyumba yangu. Seli za lithiamu zisizolindwa vizuri zinaweza kuwaka moto, na moto wake hauzimiki kirahisi.

## Hatua ya 8: Ishike mkononi

Namba zimeisha. Toa kipande chako cha mbao.

1. Bonyeza swichi polepole sana. Mashine nzuri huanza kwa kutambaa, unaweza kuhesabu mizunguko, kisha kasi inapanda pamoja na kidole. Inayoruka kutoka sifuri hadi mwisho itakuharibia vichwa vya skrubu kila siku.

2. Achia ghafla. Mdomo usimame mara moja. Ukiendelea kuzunguka wenyewe, hauna breki.

3. Funga ile biti ndefu, zungusha taratibu, utazame ncha yake ukiwa umeweka ukuta mweupe nyuma. Ncha itulie kama sindano ya saa. Ikichora duara unaloliona kwa macho, matundu yako yote yatakuwa mapana kuliko biti. Geuza biti ujaribu tena, usije ukailaumu mashine kwa biti iliyopinda.

4. Toboa kitundu cha mm 3 kwenye mbao. Weka pete ya klachi namba 5, kaza skrubu. Inapaswa kufika mahali ianze kutoa sauti ya trrr huku skrubu imesimama. Panda namba 10, halafu 15. Kila mara skrubu izame zaidi kidogo kabla ya sauti ile. Klachi isiyotofautisha 5 na 15 ni pambo.

5. Inyanyue ikiwa na betri, mkono umenyooka usawa wa bega, usome boksi lake lote ukiwa hivyo. Mkono ukitetemeka kabla hujamaliza, fikiria ngazi.

Kwa mashine iliyotumika, ongeza jaribio moja: iwe imechajiwa, kisha kaza na ufungue skrubu tano zote mara mbili mfululizo. Betri iliyochoka huonyesha taa zote ikiwa imepumzika, na hushuka hadi taa moja ikipewa mzigo.

Umefanikiwa ikiwa skrubu tano zimezama kwa usawa, hakuna kichwa kilicholiwa, na hukusikia harufu ya kuungua.

## Hatua ya 9: Acha fedha ya biti

Mashine bora yenye biti butu ni mashine mbovu. Kwa ukutani, nunua biti zenye ncha ya kabidi: ukitazama ncha unaona kipande bapa cha rangi tofauti kimepachikwa kama jembe dogo. Mm 6 na mm 8 zinatosha kuanzia. Kwa mbao, zile zenye sindano katikati ya ncha haziteleziki. Kwa chuma, biti za kawaida za chuma cha kasi, na tone la mafuta.

Kwa skrubu, kichwa chenye msalaba kina sura mbili zinazofanana. PH ina msalaba mtupu; PZ ina vistari vinne vyembamba kati ya mikono ya msalaba. Kutumia ya kwanza kwenye ya pili ndiko kunakofanya biti iruke na kula kichwa. Nunua namba 2 ya kila aina.

Seti za vipande mia moja kwenye kasha la kupendeza sizipendi. Utatumia vipande saba, na hivyo saba ndivyo vitakavyopinda kwanza.

## Hatua ya 10: Siku ya kwanza nyumbani

Chaji betri mpaka taa ya chaja ibadilike, basi. Ule ushauri wa kuiacha saa nane au kumi na mbili mara ya kwanza ulikuwa wa betri za zamani za nikeli; lithiamu haiuhitaji. Chajia juu ya kigae au saruji, mbali na godoro na mapazia.

Sasa rudi kwenye ukuta ulioutambua katika hatua ya 2, lakini anza na tofali, zege baadaye. Funga biti ya mm 8. Pima sentimita 5 kutoka ncha yake, uzungushie utepe hapo kama alama ya kina. Gia ya 2. Pete kwenye picha ya biti kwanza, si nyundo: zungusha polepole mpaka ncha ijichimbie kikalio, ili isitembee juu ya rangi. Kisha geuza pete kwenye nyundo, simama nyuma ya mashine, si pembeni yake, na usukume kwa uthabiti wa wastani. Kila sentimita moja vuta biti nje ikiwa bado inazunguka ili unga utoke. Unga ukijazana ndani, biti inasaga unga badala ya ukuta, na joto lake ndilo linaloua ncha.

Ukiwa kwenye kigae, usiwashe nyundo kabisa mpaka umekipita. Kitapasuka.

Kwenye tofali, tundu la sentimita 5 linapaswa kwisha ndani ya nusu dakika. Kwenye linta linaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, lakini kila ukitazama utepe uuone umesogea. Usiposogea kabisa na unga ukaanza kumetameta, umegonga nondo. Usishindane nayo, sogea sentimita 3 pembeni uanze upya. Usiposogea na hakuna mmetameto, kagua vitu vitatu kwa mpangilio huu: mzunguko umewekwa wa kufungua badala ya kukaza, gia iko 1, au pete haiko kwenye nyundo. Cha kwanza ndicho kinachoaibisha zaidi na ndicho kinachotokea zaidi.

Puliza unga nje ukiwa bado umevaa miwani. Ingiza fisha ya mm 8, kile kipande cha plastiki kinachoishika skrubu ukutani, kwa kidole gumba: ifike nusu kwa kusukuma, nusu iliyobaki kwa nyundo nyepesi. Ikizama yote bila ubishi, tundu ni pana, na huenda mdomo wa mashine unayumba. Rudia jaribio la tatu la hatua ya 8. Fisha isiyotaka kuingia hata ncha ina maana tundu halijatoka unga au biti imelika.

Betri ikiwa vuguvugu baada ya kazi ni sawa. Iache ipoe kabla ya kuirudisha kwenye chaja. Ikiwa kazi imeisha kwa wiki kadhaa, iweke na chaji ya nusu hivi, mahali pakavu penye baridi, nje ya mashine, na kamwe isiwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Fanya matundu matano siku hiyo hiyo, hata kama ulihitaji mawili. Mashine yenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha mapema: harufu ya plastiki inayoungua, moshi kwenye matundu ya hewa, betri isiyoshikika kwa joto, mdomo unaoiachia biti mara kwa mara. Ukiona mojawapo, simama hapo, usijaribu tundu la sita. Irudishe kwenye boksi lake pamoja na risiti, na ile biti iliyonyooka, ili muonyeshane na muuzaji.